Neno Nililolifuta Ubaoni

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha nne, baridi ya Juni imeingia darasani kupitia dirisha lisilo na kioo, nami nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la sita nikiandika ubaoni kwa ule mwandiko ninaotaka wauige. Niliandika hivi: "Jangwa ni eneo tupu, lenye mvua chache sana, lisilofaa kwa makazi ya watu." Nilipiga mstari chini ya neno "tupu" kwa chaki nyekundu, kwa sababu nilitaka walikumbuke siku ya mtihani.

Msichana mmoja anayekaa dawati la pili alinyoosha mkono. Si mtoto wa maneno mengi. Kwao ni upande wa Ubaruku, wilayani Mbarali, na hapa Uyole anaishi kwa shangazi yake ili asome.

"Mwalimu, tupu ni kwamba hakuna mtu kabisa?"

"Ndiyo, au watu ni wachache mno."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Babu alikuwa anachunga Ihefu. Walipohamishwa waliambiwa panageuka jangwa. Lakini wao walikuwapo."

Kengele ikalia. Nilisema tutaendelea kesho, nikakusanya madaftari yangu nikatoka, na kesho yake nikaanza mada nyingine.

Hatukuendelea.

Kwa wiki tano swali lile halikuniachia. Nilikuwa nalo nikichambua mchele jioni, nikiwa nimekaa kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa, hata kanisani. Naandika makala hii kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Sentensi niliyoirithi

Maneno yale ya ubaoni hayakuwa yangu. Niliyanakili kutoka kwenye maandalio yangu ya miaka ya nyuma, nayo niliyapata kwa mwalimu aliyenitangulia, ambaye bila shaka naye alipewa na mwingine. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukaa jangwani. Sentensi iliyofuata, ambayo kengele ilinizuia nisiiandike, ilihusu bahari, na nilipofungua daftari usiku ule niliikuta inasema kwamba bahari ni eneo kubwa la maji ya chumvi. Kiasi cha maji kilitajwa, chumvi ilitajwa, lakini mtu hakutajwa popote.

Lugha tunayoongea kila siku nayo inatusukuma kuelekea huko. Tukitaka kusema mtu hana wa kumsaidia, tunasema ameachwa jangwani. Tukitaka kusema jambo halina mwisho, tunasema ni bahari. Mahali pawili penye watu wenye ujuzi mkubwa kuliko wengi wetu, tumepafanya mfano wa kukosa na mfano wa kupotea.

Basi nilimwomba yule msichana aniambie zaidi kuhusu babu yake, naye akanijibu kwamba babu alikuwa Mbeya, amekuja kutibiwa macho, na yuko nyumbani kwa shangazi hadi mwisho wa mwezi.

Mzee kutoka Kilwa

Nilikwenda Jumamosi mchana. Nilimkuta amekaa juani kando ya ukuta, amejifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi yetu, jicho moja limefunikwa bandeji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae. Huyu mjukuu ananiambia umeandika kwamba sisi hatukuwapo."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kama angenikaripia.

Ni Msukuma, mzaliwa wa Shinyanga. Alifika Usangu akiwa kijana, pamoja na baba yake na ng'ombe wao, wakati wafugaji wengi walikuwa wakishuka kutafuta malisho. Aliishi kando ya Ihefu, lile eneo oevu la bonde la Usangu, zaidi ya miaka thelathini. Ilipofika mwaka 2006 na 2007, wakati wa ile operesheni ya kuwaondoa wafugaji bondeni, yeye alikuwa miongoni mwa wale walioelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Ng'ombe walipakiwa kwenye malori, wengine wakafia njiani, na waliofika Kilwa wakakutana na majani wasiyoyajua na mbung'o. Hilo alilieleza kwa sentensi chache tu, akionekana kutotaka kukaa nalo.

Alichotaka kunieleza ni majina.

Alianza kuyataja kwa mpangilio, kama mtu anayetembea: malisho ya masika kwanza, juu ambako hakutuami maji, halafu taratibu kushuka kufuata unyevu kadiri kiangazi kinavyokaza, hadi ukingo wa bwawa lenyewe mwezi wa Oktoba. Pale Alipozama Jike la Madoa. Kwenye Mkuyu wa Mama. Maji ya Kusubiri, kwa sababu ng'ombe walipaswa kungojea hapo asubuhi hadi umande ukauke. Kila jina lilikuja na maelezo: majani gani huota, ugonjwa gani uko hapo, mwezi gani mtu mwenye akili huondoka. Nilijaribu kuandika lakini nilishindwa kwenda naye. Mahali pamoja alinyamaza kwa muda mrefu, jicho lake zima likitazama ukuta wa jirani.

"Hapa tulimzika mdogo wangu," alisema. Kisha akaendelea na jina lililofuata.

Kosa lake lilikuwa kama langu

Nilimuuliza kuhusu bahari. Nilitarajia malalamiko, lakini uso wake ulibadilika.

"Mwalimu, nilipofika Kilwa na kuona yale maji, nilisema hii sasa ndiyo tupu. Haina njia, haina mti, haina nyayo. Nilisema hapa Mungu hakuweka kitu."

Kwa miezi kadhaa aliamini hivyo. Halafu siku moja, wakati wa mwezi mpevu, alishuka pwani alfajiri kumfuata mtu aliyekuwa anadaiwa fedha ya ndama, akakuta bahari imeondoka. Pale palipokuwa na maji jana palikuwa na uwanda wa miamba na majani, na juu ya uwanda ule kina mama walikuwa wanatembea wameinama, khanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja ana fimbo ya chuma na kikapu. Walikuwa wanachokoa pweza. Aliketi juu ya jiwe kuwatazama, akasahau hata deni. Aliona kwamba hawatembei ovyo. Mama mmoja alipita mashimo matano bila kuyagusa, akasimama kwenye la sita, akaingiza fimbo, akatoa pweza. Alipomuuliza baadaye alijuaje, alimwambia kwamba shimo lile alionyeshwa na mama yake, na kwamba pweza akitolewa humo huingia mwingine.

"Nikajua," mzee alisema, "kwamba kumbe naye ana visima vyake."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Mtu aliyetangaziwa kwamba nchi yake inageuka jangwa alifika kwenye nchi ya watu wengine, naye akaiona tupu, mpaka alipokaa juu ya jiwe na kutazama kwa saa kadhaa. Hakuwa amesoma popote. Alikaa tu, akatazama, akauliza.

Mimi nilikuwa nimefundisha mada hiyo kwa miaka bila kukaa wala kuuliza.

Kalenda zilizoandikwa majini

Tangu siku ile nimekuwa nikiongea na kila mtu wa pwani ninayempata hapa Mbeya, na wapo wengi: madereva, wauza samaki wakavu, walimu wenzangu waliohamishiwa huku. Wanachonieleza wao wanakiona cha kawaida mno, na mimi kinanishangaza.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana, na ndipo miamba huwa wazi kwa wachokoaji. Katikati yake kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali, na huo ni wakati wa kazi nyingine. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kwa karne nyingi majahazi yalikuja na pepo hizi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kurudi nazo. Juu ya hayo wazee wa Pwani na Visiwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na hali yake ya upepo, mvua na kilimo. Makunduchi, Unguja, bado wanaadhimisha siku hiyo kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni kufunga. Katika baadhi ya vijiji vya mwambao na visiwani, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwa kimojawapo, wananchi hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa bila mtu kuchokoa, kisha huifungua kwa siku maalumu. Utaratibu huu unafanya kazi kwa sababu ya maumbile ya pweza mwenyewe: hukua haraka mno, haishi muda mrefu, na jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ukimwacha miezi mitatu tu unamkuta ameongezeka uzito mara kadhaa, na mayai yameshaanguliwa.

Nilipomweleza mzee jambo hili kwa simu, maana alikuwa amesharudi Kilwa, aliniambia kwamba analijua na kwamba aliwahi kulijadili na mvuvi mmoja. "Nilimwambia, hiyo si ngeni, hiyo ni ngitili ya pweza."

Kwa asiyejua, ngitili ni utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho wakati wa mvua, nyasi zikue bila kuguswa, ili mifugo ipate kula kiangazi kikikaza. Tangu mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, utaratibu huo wa zamani ndio uliochukuliwa kuwa msingi wa kurudisha miti katika nchi iliyokuwa imevuliwa. Mvuvi wa mwambao na mchungaji wa Shinyanga hawakuwahi kukaa kikao kimoja, lakini wote wawili walijifunza kwamba kuna majira ya kuondoa mkono.

Upepo wa baba yangu

Hapa inabidi nieleze nilikotoka mimi, kwa sababu hapa ndipo jambo hili liliponiuma.

Nilizaliwa Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa. Baba yangu alivua usipa. Walitoka usiku usio na mwezi, na taa za karabai zilizovuta samaki juu ya maji zilionekana kwa mbali kama mji mwingine ulioota ziwani, na mwezi ulipokuwa mkubwa hawakwenda, wakakaa wakishona nyavu. Nyuma ya Matema Milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini. Kwenye ukanda mwembamba kati ya milima hiyo na maji wanaishi Wakisi, ambao kina mama wao hufinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi, vikiwa vimepangwa kwenye nyasi ili visivunjike. Kuna siku ziwa lilitoa moshi mweusi uliopanda hadi mawinguni, na kumbe ulikuwa kungu, wadudu wadogo wasiohesabika. Mama alizungusha ungo hewani, akawakusanya, akawakanda kuwa mikate mieusi. Ladha yake bado ninayo mdomoni.

Usiku mmoja nilijaribu kuandika majina ya pepo ambazo baba alizitaja. Ule mkali wa kusini, ambao ndugu zetu wa Malawi huuita mwera, niliukumbuka mara moja, kwa sababu ndio uliotufanya tusilale wakati mitumbwi ilikuwa bado haijarudi. Lakini kulikuwa na upepo mwingine, mdogo, wa alfajiri, ambao baba aliusubiri ili arudi bila kupiga kasia sana. Alikuwa akiulizwa na mama, "Umekuja nao?" naye akijibu, "Nimekuja nao." Ninakumbuka swali na jibu. Ninakumbuka harufu ya samaki na mafuta ya taa kwenye koti lake.

Jina la upepo limepotea.

Nilimpigia simu kaka yangu aliyebaki Kyela. Alinyamaza, akasema subiri kidogo, akanyamaza tena. Naye alikuwa amelisahau. Baba yetu alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na katika muda huo sisi wawili hatukuona kwamba kuna kitu kingine tulichokizika siku ile.

Nchi ambayo mchanga unaingia baharini

Katika kusoma kwangu nilikutana na watu wanaoishi mahali ambapo sentensi zangu zote mbili za daftari zingewafuta kwa pamoja. Wako Mauritania, pale Jangwa la Sahara linapoishia kwenye Bahari ya Atlantiki, na wanaitwa Imraguen. Nyuma yao kuna mchanga, mbele yao kuna maji ya chumvi.

Samaki wao mkuu ni mkizi, huyuhuyu ambaye sisi tunasema hasira zake ni tijara ya mvuvi. Makundi ya mkizi yanapopita karibu na ufuko, mtazamaji akiona maji yamebadilika rangi, mvuvi mmoja alikuwa akipiga maji kwa fimbo. Mlio ule uliwaita pomboo. Pomboo walikuja kutoka kina kirefu, wakawasukuma mkizi kuelekea ufukoni, na wanaume wakaingia majini kwa miguu na nyavu zao mabegani, wakafunga njia. Mkizi akakosa pa kwenda, pomboo wakala, watu wakapata. Kisha kina mama walimkausha samaki kwa upepo wa jangwa, wakakamua mafuta, wakatenga mayai. Namfikiria mtu wa kwanza aliyegundua kwamba pomboo anaitikia fimbo, na ni vizazi vingapi vya kukaa kimya na kutazama vilimtangulia.

Mwaka 1976 eneo lao lilifanywa hifadhi ya taifa iitwayo Banc d'Arguin, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 12,000 hivi, karibu nusu maji na nusu mchanga, na mwaka 1989 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Imraguen hawakuondolewa. Sheria iliwaachia wao haki ya kuvua humo, kwa masharti kwamba wavue kwa mashua za tanga, bila injini.

Nilifurahi sana niliposoma hilo. Nilikuwa tayari kumpigia mzee simu na kumwambia kwamba kuna nchi ambako watu waliachwa wabaki. Halafu nikaendelea kusoma.

Wafanyabiashara walipoanza kununua mapezi ya papa kwa bei kubwa, Imraguen wenyewe waligeukia papa na samaki aina ya taa, wakawavua kwa nyavu maalumu hadi wakapungua vibaya, na mwaka 2003 ikabidi kufikiwe makubaliano ya kuacha uvuvi huo ndani ya hifadhi. Na ule uvuvi wa kuita pomboo, nyavu za kisasa zimeufanya kuwa jambo la nadra.

Sikumpigia.

Mwaka uleule

Kuna tarehe moja ambayo imekaa kichwani mwangu. Disemba 2006, wakati malori ya ng'ombe yalikuwa bado yanatoka Usangu, Mahakama Kuu ya Botswana ilitoa hukumu katika kesi ya Wasan wa Jangwa la Kalahari, ambao huko huitwa Basarwa, wakiongozwa na Roy Sesana.

Hifadhi ya Kalahari ya Kati ilianzishwa mwaka 1961, na mmoja wa makusudi yake ulikuwa kuwalinda watu waliokuwa wakiishi humo, sawa na wanyama. Mwaka 1997, na tena mwaka 2002, wakazi walihamishiwa kwenye makazi nje ya hifadhi, na huduma za maji ndani zikasitishwa. Majaji walikuwa watatu, na kwa wingi wa wawili dhidi ya mmoja waliamua kwamba wakazi waliondolewa kinyume cha sheria na wana haki ya kurudi, ingawa Serikali haikulazimishwa kuwarudishia huduma. Ilibidi wasubiri hadi Januari 2011 ndipo Mahakama ya Rufani ilipowakubalia kutumia kisima kilichokuwa kimefungwa.

Hawa ndio watu ambao daftari langu lilisema hawapo. Mababu zao walikaa miezi bila maji ya juu ya ardhi kwa sababu walijua tikiti pori la Kalahari linapozaa na jinsi ya kupata maji yake, na walijaza maji kwenye maganda ya mayai ya mbuni wakayafukia mchangani kwa ajili ya siku mbaya. Mtu akipita juu ya mchanga ule haoni kitu. Anayeona ni aliyefukia.

Mashaka ambayo siwezi kuyaficha

Ningeweza kuishia hapo na makala ikawa nzuri, lakini haitakuwa kweli, kwa sababu nakaa Mbeya na ninakula wali.

Mto Ruaha Mkuu ulikauka kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Hilo si uzushi wa mtu. Viboko wamekufa wakigombania matope, na maji ya mto huo ndiyo yanayoingia Mtera na kuendelea hadi Kidatu kuzalisha umeme. Lilikuwa jambo la haki kwa nchi kuuliza maji yamekwenda wapi. Ihefu ni kama sifongo: inanyonya maji ya mito inayoshuka kutoka milima yetu ya Uporoto na Kipengere, kisha inayaachia kidogokidogo kiangazi chote. Ukiichosha sifongo hiyo, mto unakufa. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya eneo hilo iliunganishwa na hifadhi, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Ng'ombe walikuwa wengi, na mzee mwenyewe anakiri. "Tulikuwa wengi mno, mwalimu. Wengine walikuja nyuma yetu, hawakujua mahali pa kungojea. Waliingiza tu." Nilimwona akitafuta neno, na nadhani alichokuwa anakitafuta ni namna ya kusema kwamba majina yale hayafanyi kazi kwa mtu ambaye hakufundishwa.

Lakini watafiti waliolichunguza bonde lile mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakiishia kwa kiasi kikubwa kwenye mifereji ya umwagiliaji, katika mashamba ya mpunga, mifereji iliyoachwa wazi hata baada ya mavuno. Mchele unaoitwa wa Mbarali, ninaounua sokoni kwa sababu unanukia vizuri, una maji ya Ihefu ndani yake. Mfugaji alionekana kwa urahisi, kwa kuwa ana ng'ombe na vumbi. Mimi sikuonekana, ingawa nilikuwapo kwenye kila sahani.

Nimejiuliza kama hii haki ninayoitafuta kwa ajili ya wazee kama yule ni ile ile niliyowapa Imraguen kabla ya kusoma habari za papa, yaani haki inayodai kwamba mtu awe mwema daima ndipo asikilizwe. Sidhani kwamba hiyo ni haki. Mvuvi anayejua mashimo ya mama yake anaweza kesho kununua baruti, kama wengi wa mwambao walivyofanya, akaua mwamba kwa dakika moja. Mchungaji anayejua Maji ya Kusubiri anaweza kuingiza ng'ombe mia tano badala ya hamsini. Hata hivyo ninapouliza ni nani mwingine atakayejua kwamba mwamba umekufa, au kwamba nyasi za mwanzo hazijaota mwaka huu, jibu linanirudisha kwa mtu yuleyule. Mgeni anaona mwamba, anaona majani. Mwenyeji peke yake ndiye anayeweza kusema kilichopungua, kwa kuwa alikijua kilipokuwapo.

Kwa hiyo sijui kama mzee alipaswa kubaki Ihefu. Ninachojua kwa hakika ni kwamba kabla ya kuamua, palipaswa kuwa na mtu wa kukaa naye juani, kuandika majina yale kwa mpangilio wake, na kumuuliza ni lipi lilikauka kwanza na mwaka gani.

Kipindi cha nne

Wiki iliyopita nilirudi kwenye mada. Niliandika sentensi yangu ya zamani kama ilivyokuwa, nikawaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao alikosea, nikalifuta neno "tupu" kwa kiganja, na sehemu ya mwisho kuhusu makazi nikaifuta pia. Ubaoni pakabaki: "Jangwa ni eneo lenye mvua chache sana." Nikawaambia sehemu iliyobaki tutaiandika pamoja, na kwamba kila mmoja aende nyumbani akamuulize mtu mzima jina moja la mahali, upepo, mvua au maji ambalo halimo kwenye vitabu vyetu.

Siku iliyofuata walikuja nayo. Mtoto wa Kisafwa alileta jina la mvua ya Rungwe inayonyesha bila kulowanisha udongo. Mwingine, ambaye baba yake ni dereva wa malori, alileta neno "umande" kwa maana ambayo darasa zima hawakuijua: upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, unaosukuma ngalawa kwenda nje. Yule msichana wa dawati la pili alifungua daftari lake katikati. Babu alikuwa amemsomea kwa simu, usiku tatu mfululizo, kwa sababu salio lilikuwa linakatika. Kurasa nne zilikuwa zimejaa majina, masika juu, kiangazi chini, na pale kwa mdogo wa babu msichana alikuwa ameweka msalaba mdogo kwa penseli.

Aliniuliza, "Na wewe mwalimu umeleta lipi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba langu nimelipoteza, na kwamba linatafutwa. Kaka yangu ameahidi kwenda Lyulilo siku ya soko, asubuhi, wakati kina mama wa Kikisi wanaposhusha vyungu kutoka mitumbwini, ili amtafute aliye mzee kuliko wote na kumuuliza upepo ule mdogo uliowaleta unaitwaje.